Jambazi: neno lililotoka Uajemi likiwa na sifa njema

Mjini Tehran, kumwita mtu "janbaz" ni kumpa heshima. Ndilo jina rasmi la walioachiwa ulemavu na vita vya Iran na Iraq vya 1980 hadi 1988. Huku kwetu, ukipaza neno hilohilo sokoni huku umemnyooshea mtu kidole, huenda asitoke hapo akiwa hai.

Katika Kiajemi, "jan" ni roho au uhai. "Baz" ni kiambishi cha kitenzi chenye maana ya kucheza, pamoja na kucheza kamari. Janbaz basi ni mtu anayeuchezea uhai wake. Kiambishi hicho hakisemi mchezo ni mwema au mwovu: mpiganaji wa upanga ni shamshirbaz, na laghai ni hoqqebaz. Neno lilitaja uthubutu tu, na kila waliolipokea wakaamua wenyewe walipende au walichukie.

Katika Kihindi na Kiurdu limebaki shujaa. Waturuki, wanaoliandika cambaz na kulitamka "jambaz", walimpa mwanasarakasi anayetembea juu ya kamba, kisha mchuuzi wa farasi. Huyo mchuuzi ndiye aliyeingia Balkani: Waromania humwita geambaș, nasi hatuko peke yetu katika kulishusha hadhi.

Safari ya sauti haina utata. N ikikutana na b hugeuka m, na neno la kigeni lililoishia konsonanti hupewa irabu, kama bandar ilivyokuwa bandari na sarkar ikawa serikali. Wapo wanaolihusisha na kitenzi "kujamba". Mzaha mzuri, ila sarufi inaukataa. Mtenda wa -zi kwa kawaida huchukua m- na wa-: mlinzi, walinzi. Hatusemi "mjambazi". Tunasema jambazi, majambazi, kwa kuwa -zi hapa ni sehemu ya shina. Vilevile usilichanganye na bazazi, neno la Kiarabu la muuza vitambaa ambalo kwetu limeishia kwa mfanyabiashara mjanja.

Ndugu halisi wa jambazi, kwa maoni yangu, ni ayari. Ayyar wa Uajemi na Iraq walikuwa vijana wa silaha wenye miiko yao. Wengine waliwaona mashujaa, wengine wahuni. Yaqub bin Layth, mwanzilishi wa dola ya Saffari katika karne ya 9, alitoka miongoni mwao. Kiswahili hakikutaka habari za miiko: ayari ni mdanganyifu, basi.

Leo mitaani jambazi ana bunduki au panga, ana wenzake, na huvamia. Kibaka hukwapua simu na kutokomea. Katikati pana nafasi ambayo majina mapya hugombania, na ndiyo iliyojazwa na panya road, vijana wa makundi walioitia hofu Dar es Salaam mwanzoni mwa 2015 na tena 2022. Wengi wao walionekana wadogo mno kuitwa majambazi, ingawa mapanga yao hayakuwa madogo.

Mahakama haijali ngazi hizo. Tanzania, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinataja unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Bunduki si sharti. Kijana anayeiba huku akitishia kwa panga ameshaingia humo, hata kama mtaa mzima unamwita kibaka.

Kenya mtego ni mpana zaidi. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya huko, mwizi wa mabavu akiwa na silaha hatari, au akiwa na mwenzake japo mmoja, au akimjeruhi au kumpiga mtu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Sharti moja kati ya hayo linatosha. Wawili wanaompiga mtu ngeta, yaani kumkaba shingo, gizani na kumpora pochi, mikono mitupu, hushtakiwa kwa kifungu kilekile cha wanaovamia benki kwa bunduki.