"Ile Kitu", "Nanii", "Sijui Nini": Msamiati Finyu wa Vijana na Wajibu wa Wakubwa

Mwambie mwanafunzi wa Kidato cha Pili akueleze namna ya kuziba pancha ya baiskeli, kazi ambayo ameifanya mara nyingi kwa mikono yake mwenyewe, na huenda ukapata maelezo ya namna hii: "Unatoa ile kitu ya ndani, unaweka kwenye maji, unaona inafanya hivi, halafu unachukua nanii unaweka pale, basi." Ufundi anao, tena wa kutosha. Kilichokosekana ni majina, yaani tyubu, beseni, mapovu, tundu, msasa, gundi na kiraka, pamoja na vitenzi vya kuyaunganisha: kuchomoa, kuzamisha, kusugua, kupaka, kubandika, kujaza upepo. Ukiyachunguza zaidi maelezo yake, utaona kwamba hata hatua moja ya kazi imepotea, kwa kuwa hakusema popote kwamba gundi ikishapakwa huachwa kwanza ikauke kidogo ndipo kiraka kibandikwe. Anayejifunza kwake kwa kusikiliza tu atabandika kiraka kwenye gundi mbichi, na kiraka kitabanduka.

Sisi tunaofanya kazi ya kukuza Kiswahili huletewa na wazazi na walimu mara kwa mara lalamiko hili la vijana kukosa maneno mahususi, na mara nyingi linakuja likiwa na hukumu yake tayari: vijana wameharibiwa na lugha ya mitaani. Hukumu hiyo haina msingi, na ni muhimu iondolewe mapema, kwa sababu inawafanya wakubwa wapigane na jambo lisilo na kosa. Kijana wa Dar es Salaam anayeita pesa mkwanja, mshiko au chapaa kwa kadiri ya nani anamsikiliza hana upungufu wa maneno katika jambo hilo, na mwenzake wa Nairobi anayezungumza Sheng anatumia akili ileile ya kubuni, kuchagua na kupima. Vilevile maneno ya jumla kama "kitu", "jambo" na "nanii" yana kazi yake halali katika lugha, na hata mzee mwenye Kiswahili cha kupigiwa mfano husema "nanii" jina linapomtoka kwa muda. Tatizo huanza pale neno la jumla linapokuwa ndilo la kwanza na la mwisho, msemaji asitafute lingine na msikilizaji asilidai.

Uthibitisho kwamba uwezo upo hauko mbali. Msikilize kijana yuleyule akisimulia mechi ya Simba na Yanga. Atakwambia kwamba winga aliambaa na mstari wa pembeni, akampiga chenga beki wa kushoto, akamimina krosi ndani ya kumi na nane, mshambuliaji akaiunganisha kwa kichwa, mlinda mlango akaupangua mpira ukawa kona. Hakuna "ile kitu" hata moja hapo. Maneno hayo hakufundishwa na mtu kwa orodha. Aliyapata kutoka kwa watangazaji wa redio, ambao hawana budi kutaja kila tendo kwa jina lake kwa kuwa msikilizaji wao haoni uwanja, kisha akayatumia mbele ya wenzake ambao wangemcheka kama angechanganya mpira wa adhabu na mpira wa kurusha. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala lote: msamiati hukua pale ambapo neno mahususi linadaiwa. Vijana wetu wengi wanaishi siku nzima bila kudaiwa neno lolote mahususi nje ya mpira, muziki na utani.

Wataalamu wa lugha hutofautisha msamiati pokezi, yaani maneno ambayo mtu huyaelewa anapoyasikia au kuyasoma, na msamiati tendaji, yaani yale anayoyatumia mwenyewe. Kwa watu wote, msamiati wa kwanza ni mkubwa kuliko wa pili, lakini kwa vijana wengi pengo limekuwa pana mno. Mwulize binti wa miaka 15 maana ya simanzi, kinyongo au fadhaa, naye huenda akakujibu sawasawa, lakini siku akiwa na simanzi atasema tu "najisikia vibaya", na siku akiwa na kinyongo atasema vilevile. Neno analo, ila halijawahi kupita kinywani mwake.

Sababu moja ni kwamba kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa na wakubwa pamoja na watoto zimepungua, hasa mijini. Mtoto aliyeshika jembe na ungo pamoja na bibi yake alijua kupalilia, kupura na kupepeta bila kufunguliwa kitabu, na yule wa pwani alijua kwamba kitale si dafu, wala dafu si koroma, kwa sababu akitumwa nazi ya kukuna akarudi na dafu alirudishwa. Leo mtoto huyo hutumwa dukani kuleta "ile kitu ya juzi", na mzazi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Simu nayo ina mchango wake, kwani ujumbe mfupi huandikwa kati ya watu ambao tayari wanajua kinachozungumzwa, na picha ya uso unaocheka au kulia hufunga mazungumzo kabla hisia haijatajwa. Hata hivyo sioni kwamba simu ndiyo mzizi, kwa kuwa mtoto anayezungumzishwa vya kutosha nyumbani huandika vizuri hata kwenye simu.

Sababu nyingine ni nzito zaidi na haisemwi vya kutosha, nayo ni lugha ya kufundishia. Katika shule nyingi za msingi za umma nchini Tanzania mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili na kukutana na maneno kama msuguano, kani, usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula. Akiingia Kidato cha Kwanza karibu masomo yote, ukiacha machache kama Kiswahili chenyewe, hugeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo wengi bado hawajaimudu. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo fikra zake zinapanuka kwa kasi, Kiswahili chake cha kitaaluma husimama palepale kilipoachwa darasani mwa msingi, na Kiingereza chake hakijafika mahali pa kukipokea kijiti. Nchini Kenya Kiingereza hushika nafasi hiyo mapema zaidi, tangu darasa la nne, ingawa Kiswahili ni somo la lazima. Kijana anayejaza nafasi kati ya lugha mbili kwa "hivi" na "vile" hakosi bidii. Amewekwa mahali ambapo hakuna lugha hata moja inayokua naye.

Yapo madhara ambayo hayangoji mtihani wa taifa. Mgonjwa anayemwambia daktari "tumbo linauma" amemwambia kidogo sana. Linasokota, linawaka moto, linachoma kama sindano au limejaa gesi? Linauma chembe ya moyo, kitovuni, ubavuni au kwenye kinena? Maumivu ya kidole tumbo, kwa mfano, mara nyingi huanza karibu na kitovu kisha huhamia upande wa kulia chini, na kijana anayeweza kusema maneno hayo machache humpa daktari njia ya kuanzia, ilhali yule anayesema "linauma tu, yaani, hivihivi" humlazimu kubahatisha.

Zito kuliko hilo ni suala la ukatili. Mtoto aliyeshikwa au kuingiliwa akifika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au baadaye mahakamani, mara nyingi husema "alinifanyia tabia mbaya" au "alinifanyia vitu". Maneno hayo amefundishwa na sisi wenyewe, kwa kuona kwetu haya kutaja viungo vya mwili kwa majina yake, na katika kesi maneno yasiyo na mpaka humpa mkosaji mahali pa kujificha. Mzazi anayemfundisha mwanawe majina halisi ya viungo vyote, uke na uume vikiwemo, kwa sauti ya kawaida na tangu utotoni, hamwondolei adabu. Anampa maneno ya kumlinda.

Nini kifanyike nyumbani? La kwanza ni swali, tena la upole: "Kitu gani?" Mtoto akisema "naomba ile kitu", mzazi asinyanyuke kumpa kwa kukisia, wala asimkejeli mbele ya wageni, kwa kuwa kijana aliyeaibishwa hujifunza kunyamaza na kinywa kilichonyamaza hakijifunzi neno. Asubiri kidogo. Kama jina halijui, alitaje yeye ndani ya sentensi kamili: "Aa, unataka upawa? Upawa umening'inizwa nyuma ya mlango." Kumbuka pia kwamba "ile kitu", pamoja na kuficha jina, humpa msemaji nafasi ya kukwepa upatanisho wa kisarufi, kwani asiyetaja nomino hahitaji kujua ngeli yake. Jina likirudi, sarufi nayo hurudi polepole: upawa huu, mapovu haya, kiraka hiki.

Shuleni, zoezi la utangazaji limekuwa likipendwa sana na wanafunzi. Mmoja hutazama mechi isiyo na sauti au mwenzake anayefanya kazi fulani, kama kusuka nywele au kubadilisha tairi, akieleza kwa maneno kila anachokiona, na mwingine humpa mgongo akisikiliza ili aweze kuichora au kuirudia. Kila mahali msikilizaji anapokwama, darasa zima hutafuta neno lililokosekana. Katika insha, mwanafunzi apigie mstari kila "kitu", "jambo", "kufanya" na "vizuri", kisha abadilishe nusu yake kwa maneno mahususi kabla ya kukabidhi daftari. Nasema nusu kwa makusudi, kwa sababu yapo mahali ambapo "kitu" ndilo neno sahihi.

Kamusi ipo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwa mikononi mwa walimu tangu 1981, lakini wanafunzi wengi hawajafundishwa kuitumia. Hulitafuta neno "wamefungamana" kwenye herufi W, wasilione, wakaifunga kamusi. Waonyeshwe kuondoa viambishi hadi kufika "fungamana", na wakifika hapo waangalie majirani zake: funga, fungana, fungia, fungua. Kisha waulizwe ni majina gani mengine yanatokana na hapo, wapate kifungo, mfungwa, mfungo na ufunguo. Kipindi kimoja kilichotumiwa hivyo huzaa zaidi ya orodha ya maneno ishirini ya kukariri usiku.

Jambo la mwisho linawahusu watoto wachache. Yupo kijana ambaye hasaidiki kwa haya yote: anatafuta maneno ya kawaida kwa taabu, anaelewa maelekezo nusunusu, anakaa mbele lakini bado anajibu lisiloulizwa, au alikuwa akizungumza vizuri na sasa maneno yanampotea. Huyo asiitwe mvivu. Apelekwe hospitali apimwe kwanza usikivu, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hupoteza maneno mengi bila mtu yeyote darasani kutambua. Kama alikuwa akizungumza vizuri na maneno yameanza kumpotea ghafla, apelekwe siku hiyohiyo.