Kasa kwenye tangi mbali na bahari: tunayoyasema na ukweli wenyewe

Video ya kasa anaogelea nyuma ya kioo huko Chicago ikishaingia kwenye grupu la familia, hapa Kampala kazi zinasimama. Mmoja anasema hio ni kompyuta imetengeneza, mwingine anasema maji yanaletwa na ndege kila wiki, shangazi wa Bombo anasema muoneni bambi analia, alafu lazima atokee mjanja wa kuuliza mbona na sisi tusiwaweke Nalubaale, yaani ziwa Victoria, lote lile liko bure. Mimi napenda sana kusomasoma haya mambo ya wanyama wa maji na kusema kweli nusu ya tunayoyasema ni porojo, ngoja niyapitie, ila msitegemee mpangilio wa maana.

Tuanze na hio ya kwamba bila bahari karibu hamna kasa, au kama yupo basi kuna malori ya maji yanapishana usiku.

Akwariamu ya Shedd, hio ya Chicago, iko kando kabisa ya ziwa Michigan, na ziwa lile ni maji matamu kama haya yetu ya Entebbe. Bahari iko mbali kama kilomita elfu moja, yaani ni kama sisi na Mombasa tu. Mwaka 1930 walipokuwa wanaanza walileta kweli maji ya bahari kwa reli, kutoka Key West kule mwisho wa Florida, mabehewa 20 ya matangi yakaenda na kurudi mara 8, jumla kama galoni milioni moja, karibu lita milioni 3.8. Kwa hio yule wa "maji yanaletwa" hajakosea sana, amechelewa tu miaka tisini na kitu. Siku hizi akwariamu za bara zinachukua maji ya bomba, zinatoa klorini, zinachanganya chumvi maalum, basi. Ile ya Georgia pale Atlanta iliyofunguliwa 2005 inafanya hivyo hivyo na ina papa nyangumi ndani.

Sasa ukisikia chumvi usikimbilie dukani. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na sehemu kubwa ni kweli ile tunayotia kwenye mchuzi, lakini ndani kuna pia magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine vidogovidogo, na kwenye tangi kasa mara nyingi anaishi pamoja na samaki wa bahari ambao hawana mchezo kwenye hayo mambo. Piga hesabu mwenyewe, tangi la lita 500,000 linataka tani 17 na nusu za chumvi kabla hujanunua hata samaki mmoja. Alafu mnyama anakula na anajisaidia humohumo, kwa hio maji lazima yazunguke saa 24 kwenye filta za mchanga, mashine za kukusanya uchafu kwa mapovu, ozoni, na Chicago ile ya Januari inabidi yapashwe moto maana kasa ni mnyama wa joto. Umeme wake mimi sitaki hata kuufikiria, na hapa kwetu ukikatika usiku mmoja tu unaamka na msiba.

Kuna jamaa wa Kasese akaja na lake, ety maji ya chumvi tunayo, kasa wapelekwe Katwe. Hio imenifurahisha lakini hapana. Ziwa Katwe liko kwenye shimo la volkano, halina mto wa kutoka, maji yanakauka na jua na chumvi inabaki, mpaka wachimbaji wanaivuna kwenye vile vidimbwi vyao. Chumvi yake imezidi ya bahari mara nyingi, na isitoshe ni ya aina nyingine, ina magadi na salfeti nyingi, maji yanachubua ngozi ya watu wanaofanya kazi mle, muulize yeyote wa kule. Hata majani anayokula kasa hayawezi kuota mle.

Na Nalubaale je? Hapa wengi wanasema kasa akiguswa na maji matamu anakufa palepale. Si kweli. Vituo vya kutibu kasa wakati mwingine huwaweka kwenye maji matamu makusudi kwa muda, kwa sababu vile vidudu vyenye magamba magumu vinavyojishika mwilini mwao vinashindwa kuvumilia na kuachia. Kwa hio siku kadhaa anavumilia, lakini kuishi humo moja kwa moja ni habari nyingine, mwili wake umejengwa kwa chumvi, chakula chake hakimo, na pa kutagia anataka ufuko wa bahari. Wale mnaosema mmemuona kasa Ggaba au Masese, mmeona kobe wa maji matamu, wapo, wengine wadogo wanapenda matope. Mkubwa kabisa tulienaye yuko Naili kule Murchison na ziwa Albert, yule mwenye gamba laini kama ngozi na pua ndefu kama mrija, gamba lake linaweza kukaribia mita moja. Na cha kuchekesha ni kwamba huyo ndo anaweza kuingia baharini, huko pwani za Uturuki na Israel jamaa zake huonekana mpaka kwenye maji ya chumvi. Kinyume chake, kasa wa bahari kupanda Naili kutoka Mediterania mpaka Jinja, si kuna watu wameliuliza hilo, aje apite bwawa la Aswan alafu aruke maporomoko ya Murchison, na mabawa atapata wapi.

Haya, machozi ya shangazi. Kasa halii kwa huzuni. Ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi ya ziada mwilini, maana anakula na kumeza vitu vya baharini kila siku na figo zake haziwezi kuitoa yote, ndio hayo maji mazito unayoyaona akiwa nchi kavu. Baharini pia yanatoka, ila hutayaona.

Kupumua naye, watu wanadhani ana mambo ya samaki. Ana mapafu kama wewe. Akihangaika anahitaji hewa kila baada ya dakika chache, akilala anaweza kukaa chini saa kadhaa, ndio maana kwenye video unamuona amejibana chini ya jiwe hatikisiki na mtu anaandika "amekufa huyo". Na ndio maana nyavu zinamuua, anazama kama mtu.

Gamba. Si nyumba ambayo anaweza kutoka akaiacha, uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, ni mifupa yake yeye mwenyewe, na anasikia ukimgusa hapo juu. Tena tofauti na kobe wa shambani hawezi kuingiza kichwa wala miguu ndani, kwa hio hadithi za sungura na kobe zisiwadanganye, kasa akiona hatari anategemea kuogelea mbio tu.

Hili linalofuata ndo nililitaka hasa, kwa sababu watu wamegawanyika na pande zote mbili zinakosea. Upande mmoja unasema kila kasa kwenye tangi ametekwa, ni jela. Upande wa pili, hawa walioenda kutembea wakanunua tisheti, unasema wote wameokolewa. Ukweli unategemea kasa gani. Pale Shedd kuna jike wa kasa wa kijani anaitwa Nickel. Alipatikana Florida mwaka 1998 amekatwa vibaya gamba na propela ya boti, jeraha likamuharibia kuogelea, akitupwa baharini hawezi kujimudu. Akafikishwa Chicago 2003 na madaktari wakamkuta na sarafu ya senti 5 ya Marekani kooni, ya mwaka 1975, jina likatokea hapo. Pale Chattanooga, Tennessee, nako wana mwingine anaitwa Oscar ambaye makasia yake ya nyuma yaliharibika. Hao kuwaambia "rudini nyumbani" ni kuwaua, hata kama unasema kwa huruma.

Lakini pia wapo kasa kwenye matangi duniani ambao walitotolewa kwa mikono ya watu, visiwa vya Cayman wana shamba zima la kasa tangu 1968, na wapo walionunuliwa wakiwa wazima kabisa kwa ajili ya maonyesho. Kwa hio mimi umbali wa bahari haunisumbui, kilomita 10 au 1,000 kasa hajui, yeye anajua maji, joto, nafasi na chakula. Kinachonisumbua ni kama angeweza kurudi na hakurudishwa. Na kuna aina ambayo hata uwe na hela vipi huwezi kuifuga, kasa ngozi, yule mkubwa kuliko wote, anaogelea mbele tu kama hajui ukuta ni nini, anajigonga mpaka anaumia, na chakula chake ni kiwavi wa bahari, yule laini kama jeli, basi. Ukimuona mtu anatangaza tangi lenye kasa ngozi, nauli yako itunze.

Chakula chenyewe, hapana, wote hawali samaki. Kasa wa kijani akikua anakula zaidi nyasi za bahari na mwani, kwenye matangi anapewa letasi, brokoli, kabichi ndogondogo. Huko Uingereza kuna akwariamu walimpa kasa hizo kabichi wakati wa Krismasi, wakapunguza kwanza maji kwenye tangi, kwa sababu gesi anayotoa inapasuka juu kwa mapovu na ingewasha kengele ya maji kufurika. Sijaitunga hio. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, yeye anapenda sponji za kwenye matumbawe.

Umri wa miaka 500 hamna, wengi wanahesabiwa kwa miongo, 60, 70, pengine na zaidi. Cha kushangaza ni anavyochelewa kukua, kasa wa kijani anaweza kufika miaka 25 au 35 kabla ya kutaga yai la kwanza. Na dume na jike huwajui kwa kuangalia sura, subiri akomae uone mkia, dume wake mrefu unapita gamba. Akiwa mdogo hata daktari anahitaji vipimo. Tena jinsia yenyewe inaamuliwa na joto la mchanga, likizunguka nyuzi 29 wanakuja mchanganyiko, likizidi wanakuja majike.

Kuna wanaosema wamekwisha duniani na kuna wanaosema sasa wako salama, eti tumesoma habari. Habari ni kwamba Oktoba 2025 IUCN, shirika la dunia la kuhifadhi viumbe, ilimtoa kasa wa kijani kwenye orodha ya walio hatarini, sababu idadi ya jumla imepanda baada ya miaka mingi ya kulinda fukwe na mayai. Huyo mmoja. Ng'amba bado yuko kwenye hatari kubwa kabisa kwa sababu gamba lake zuri lilifanywa vitana na bangili. Biashara ya kimataifa ya aina zote 7 imekatazwa na CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Nyama ya kasa ni dawa, inaongeza nguvu: hii nimeisikia mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuona bahari. Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, 8 wakiwa watoto, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Sumu inatoka kwenye anavyovila, kupika hakuiondoi, na huwezi kuijua kwa kuangalia wala kunusa.

Mwenye hamu ya kumuona na hana visa ya Marekani apande basi la Mombasa, kutoka huko aende Watamu, kuna Local Ocean Conservation walioanza 1997, wavuvi wakinasa kasa kwa bahati mbaya wanawaita, mzima anaachiwa palepale, mgonjwa anakaa kwenye matangi yao anatibiwa. Zanzibar pia kuna madimbwi ya watalii, mengine wanakuruhusu uingie umshike, na hapo mimi naweka mguu chini, mafuta ya jua uliyojipaka yanabaki kwenye maji yake, na yeye hana pa kukukimbia. Kabla hujalipa muulize anayewatunza huyu alipatikanaje na anaachiwa lini. Wa Watamu watakujibu mpaka jeraha lilivyokuwa, mwingine ataanza kukuonyesha bei ya picha.