Akiba ya dharura ya kaya: maana yake, na namna ya kuijenga kwa fedha kidogo

Akiba ya dharura ya kaya ni maji, chakula, nishati, dawa na stadi zinazoiwezesha nyumba kuishi siku kadhaa pale bomba linapokauka, umeme unapozimika au barabara inapokatika. Neno la kushika hapo ni siku. Akiba haipimwi kwa wingi wa vitu vilivyorundikwa stoo, hupimwa kwa siku ambazo watu wote wa nyumba hiyo watakunywa, watakula na kubaki salama bila kutoka kutafuta. Familia ya watu watano yenye gunia zima la mchele na dumu moja la maji la lita 20 ina akiba ya siku moja tu, kwa sababu maji yatakwisha kabla ya mchele.

Watu wengi huichanganya akiba hii na begi la kuondokea. Begi ni la kunyakua na kutoka ndani ya dakika chache: vitambulisho na kadi za kliniki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, dawa za kila siku, tochi, dumu la lita 5, nguo moja kavu kwa kila mtu, na namba muhimu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Akiba ni ya kukaa nayo nyumbani. Anayeishi Jangwani kwenye Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, au kando ya Mto Rufiji au Tana, aanze na begi. Anayeishi mahali pa juu aanze na akiba, kwani hatari yake ni kufungiwa. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Nyumba haikulazimika kuingiwa na maji ndipo ipungukiwe.

Maji ndiyo mwanzo, na kwa bahati njema ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote. Mtu mmoja anahitaji takribani lita 3 kwa siku za kunywa na za chakula. Ukiongeza kunawa mikono, hesabu lita 4 kama kiwango cha chini kabisa. Watu 5 kwa siku 3 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa likioshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe. Lililobeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya shambani halifai kamwe, hata lioshwe mara kumi, kwa sababu plastiki hufyonza kemikali na kuziachia polepole. Chagua chombo chenye mdomo mwembamba. Ndoo pana hukaribisha kikombe na mikono, na maji yaliyokuwa safi asubuhi huchafuka jioni yakiwa ndani ya nyumba. Usiyaache madumu yakae miezi. Tumia moja kila wiki kwa shughuli za kawaida, kisha lijaze tena siku hiyohiyo.

Kutibu maji ni stadi ya kujifunza kabla ya shida. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, na lazima usubiri dakika 30. Soma pakiti, kwa sababu vidonge hutofautiana nguvu. Maji ya tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Kosa la kawaida ni kutia klorini kwenye maji machafu moja kwa moja: uchafu huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Ukichemsha, acha maji yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000, kama Nyahururu. Huna kuni wala dawa? Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi zenye ujazo usiozidi lita 2, uzilaze juu ya bati juani saa 6, au siku 2 mawingu yakitanda. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoondoa mafuta au sumu ya viwandani.

Kwa chakula, usinunue kitu ambacho familia haijazoea kula. Mtu mzima akipata kila siku gramu 400 za unga, gramu 100 za maharage, vijiko viwili vya chakula vya mafuta na sukari kidogo, anapata kilokalori zinazokaribia 2,100, kiwango ambacho mashirika ya misaada hukitumia kupanga mgao. Kwa watu 5, siku 7, hiyo ni kilo 14 za unga, kilo 3.5 za maharage na takribani lita moja ya mafuta. Ukiongeza kilo moja tu ya unga kwenye manunuzi ya kila wiki, utafika baada ya wiki 14 bila kukopa. Wakati wa kununua nao una maana: Nyanda za Juu Kusini mahindi na maharage mapya huingia sokoni kati ya Juni na Agosti, bei hushuka, na vuli bado iko mbele. Anayesubiri mpaka redio itangaze mvua kubwa hununua kwa bei ya hofu.

Hifadhi sembe, si dona. Dona lina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo huchacha mapema na kuwa chungu. Maharage makavu yajaze mpaka mdomoni kwenye chupa za maji zilizokauka kabisa, ufunge kizibo kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Yakiwa na unyevu, chupa hiyohiyo itaota ukungu, hivyo pima kwanza: tia maharage kiasi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yaanike tena. Weka vyote kwenye chaga au rafu ya juu. Unga ulioguswa na maji ya mafuriko hutupwa, hauanikwi, maana maji hayo yamepita vyooni.

Mkaa huisha haraka kwa maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 20, kisha weka sufuria ikiwa imefunikwa ndani ya kapu lililojazwa mablanketi au vipande vya godoro kwa saa 3. Usiruke hatua ya kuchemsha, kwa kuwa maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na mtokoto tu, na joto la kapu peke yake haliitoi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua inyeshe vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tenga pia noti ndogondogo. Mtandao ukikatika, pesa ya kwenye simu haipatikani. Na kila mtu mzima ajue kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa kiganja.

Kisha ifanyie akiba yako jaribio. Kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili asubuhi msifungue bomba, msiwashe umeme, msitume mtoto dukani. Andika kila kilichokosekana. Mara nyingi huwa ni chumvi, kiberiti, taulo za kike au dawa ya mzee, na orodha hiyo ndiyo manunuzi ya wiki inayofuata.