Kura za mashemeji: dhana potofu kuhusu kupima uvumi kwa wingi wa watu

Kwenye stegi ya boda boda pale Kondele, Kisumu, mvua ikinyesha simu moja huzunguka mikono mitano. Siku hiyo ilibeba picha ya daraja lililokatika, na chini yake: "Ahero, leo asubuhi." Nikasema nina shaka. Kijana mwenye simu akaniruka: "Mzee wangu, watu elfu mbili wamelaiki. Wote hao ni wajinga?"

Dhana: habari yenye kura nyingi imeshathibitishwa.

La. Kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano, kwa mfano, kura hupandisha chapisho au kulishusha, basi. Uongo mtamu hupanda haraka kuliko ukweli mkavu.

Community Notes ya mtandao wa X (zamani Twitter), iliyoanza Marekani Januari 2021 kwa jina la Birdwatch, iliundwa kukwepa mtego huo. Watumiaji wa kujitolea huandika maelezo chini ya chapisho linalopotosha, na wengine huyapima kama yanasaidia. Lakini wingi pekee hautoshi. Fomula hutazama pia ni nani amepima. Kutokana na jinsi kila mmoja alivyopima maelezo mengine huko nyuma, hukisia anaegemea wapi, kisha huondoa ule upendeleo. Alama inayobaki ikifika takriban 0.40, maelezo huonyeshwa kwa kila mtu.

Kwa lugha ya hapa kwetu: mashabiki elfu moja wa Gor Mahia wakiapa kuwa penalti ilikuwa halali, hujajifunza lolote. Shabiki wa AFC Leopards, watani wao wa jadi, akikiri, "Ilikuwa penalti," hapo unatega sikio. Mechi ya Mashemeji, yaani ya timu hizo mbili, ingekuwa na refa wa namna hiyo, tungelala mapema.

Dhana: kundi likijipanga, linapitisha litakalo.

Linaweza kujaribu. Ila akaunti lazima iwe na umri wa miezi sita na nambari ya simu iliyothibitishwa, na mgeni huanza kwa kupima maelezo ya wenzake kabla ya kuruhusiwa kuandika yake. Fomula na data ziko wazi, yeyote mwenye bando la kutosha azipakue.

Dhana: chapisho lisilo na maelezo chini yake ni la kweli.

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Maelezo mengi yanayoandikwa hayaonekani kamwe kwa umma: hubaki yakisubiri kura, hasa ya siasa, ambako pande mbili hazikubaliani hata juu ya siku ya wiki. Na uvumi wa Kijaluo kuhusu Mto Nyando utapimwa na nani, mtu wa Texas? Wapimaji wakikusanyika, picha imeshafika Katito na kurudi.

Dhana: jamii ikihusika, hakuna haja ya mtu wa kwenda kuhakikisha.

Tovuti ya Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, ilipokea ripoti za wananchi kwa SMS na mtandaoni na kuziweka kwenye ramani. Lakini ripoti iliyothibitishwa ilitengwa na ambayo bado, na kuthibitisha kulihitaji binadamu wa kuuliza waliokuwa mashinani.

Na WhatsApp, ambako picha ilipitia hadi kumfikia kijana? Ujumbe huko umefungwa kwa siri kati ya mtumaji na mpokeaji, kwa hiyo hakuna jopo la kuupima. Kuna mishale miwili tu ya kuonyesha umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa mtu au kundi moja kwa wakati. Mishale inakwambia umbali wa safari, si ukweli wa habari.

Nikamwomba kijana aikuze picha. Kando ya daraja lilisimama lori, dereva amechungulia dirishani, mkono ukining'inia nje. Usukani ulikuwa kushoto. Akaisogeza simu karibu na macho, akatazama barabarani kwetu matatu zikipita, kisha akaanza kumtafuta aliyemtumia.