Je, wajua? Maji ya mto yanaweza kukupa homa hatari hata usipoyanywa

Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa walianza kufika kituo cha afya wakiwa na homa, kichwa kinawauma, mwili umechoka, na damu inawatoka puani. Sampuli zikapimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19. Zote hasi. Siku chache baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Hadi hapo wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Anayeleta ugonjwa huo ni bakteria aitwaye leptospira, na mara nyingi humfikia binadamu kwa njia ya maji: mto, dimbwi, jaruba la mpunga, maji ya mafuriko. Tumezoea kuamini kwamba maji machafu humdhuru anayeyanywa. Huyu hasubiri kunywewa. Anaingiaje basi?

Tuanze na panya. Leptospira huweka makazi kwenye vijifereji vya ndani ya figo zake, na panya mwenyewe wala haumwi. Anakula, anazaa, na kila akikojoa anamwaga bakteria, kwa miezi. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi na mbwa nao huwabeba, ila wao huweza kuugua; ng'ombe, kwa mfano, hutupa mimba. Mkojo ukiangukia udongo mkavu unaopigwa na jua, bakteria hufa upesi. Ukiangukia penye unyevu, kivuli na maji baridi yasiyo na chumvi, wanaweza kuishi wiki kadhaa, hata miezi. Ndiyo maana ugonjwa huu huandamana na mvua: maji yanafurika mashimo ya panya, yanaosha mazizi na vichochoro, na vyote hivyo vinateremka mtoni. Maji ya bahari hayamfai leptospira. Bahari ina bakteria wake wa kuingia vidondani, lakini hiyo ni habari nyingine.

Umbo lake nalo linamsaidia. Ni mwembamba mno: milimita moja ingewatosha 10,000 wakipangwa ubavu kwa ubavu, na hadubini ya kawaida haimwonyeshi vizuri. Amejisokota kama springi, ncha zimepinda. Nyuzi zake za kuogelea hazitokezi nje kama za bakteria wengine wengi. Zimefichwa ndani ya ganda lake, zikizunguka anazunguka mwili mzima, naye anajichimba kwenda mbele hata kwenye ute mzito.

Ngozi nzima na kavu humzuia. Tatizo ni kwamba ngozi nzima ni adimu kuliko tunavyodhani. Mtazame mkulima wa mpunga: magaga kisiginoni, mikwaruzo ya majani kwenye miundi, na tangu asubuhi yumo majini mpaka vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe. Ngozi iliyolowa hivyo hulegea, na pale penye ufa hapahitaji hata kulegea. Macho, pua na mdomo ndiyo kabisa, maana vina utando laini tu. Kwa hiyo anayepiga mbizi mtoni yumo hatarini hata kama hana jeraha. Wakazi wa Kanda ya Ziwa watasema wanaijua habari hii kutokana na kichocho. Ni kweli kichocho nacho hupitia ngozini, ila kile huletwa na mnyoo, na lava wake hutoboa ngozi isiyo na kasoro yoyote.

Wala mazoezi si kinga. Mwaka 2000 wanariadha 304 walishindana katika Eco-Challenge, mbio za siku kadhaa za porini na majini, huko Sabah, Malaysia, na sehemu ya safari yao ilipita mto Segama. Wachunguzi waliwahoji 189 kati yao baadaye: 80 walikuwa wameugua kwa dalili za ugonjwa huu, na 29 walilazwa hospitali. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Dalili kwa kawaida hujitokeza siku 5 hadi 14 baada ya kugusa maji, wakati mwenyewe ameshasahau kama aliogelea. Homa ghafla, kutetemeka, kichwa, misuli inauma, hasa mashavu ya miguu, na macho mekundu yasiyo na tongotongo. Ukiondoa hayo mawili ya mwisho, nani hapa kwetu asingesema ni malaria? Na ndivyo inavyosemwa. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa. Madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyojificha humo.

Wengi hupona. Wachache hupata nafuu siku chache, kisha hali inageuka: macho ya manjano, figo zinagoma, mapafu yanavuja damu. Hapo ndipo watu hufa, na inauma kwa sababu dawa zipo na si ngeni: doksisaiklini au penisilini, zikianza mapema kwa maelekezo ya daktari.

Kwa hiyo anayeingia jarubani, kwenye mtaro au machinjioni avae gambuti, na mwenye kidonda akifunike kwa plasta isiyopitisha maji. Mto ukiwa umetoka kufurika, watoto waahirishe kuogelea. Maji ya kunywa yachemshwe. Kichujio hakitoshi, maana hata vichujio vya maabara vyenye matundu ya mikromita 0.2, vinavyozuia bakteria wengi, leptospira huvipenya. Na ukipata homa, kipimo cha malaria kikawa hasi, usiondoke na panadol tu. Mwambie daktari ulivuka maji gani na lini, hata kama hajauliza.