Homer wa Florence hakutoka kwa Homer

Wiki iliyopita nililetewa tena swali lile lile, safari hii na msomi ambaye nilitarajia awe amekwisha kulivuka: kwa kuwa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alichapishwa kwa mara ya kwanza huko Florence mwaka 1488, je, toleo hilo silo lililo karibu zaidi na maneno ya mshairi mwenyewe, kabla wahariri wa baadaye hawajayachezea? Kwa miaka yote ambayo nimekuwa nikiandaa orodha za vitabu vya karne ya 15, nimelijibu swali hili kwa upole. Leo upole umenipungukia kidogo.

Toleo la kwanza ni la kwanza kupita mtamboni, basi. Demetrius Chalcondyles, Mgiriki mzaliwa wa Athens aliyekuwa akifundisha Florence na ndiye aliyelihariri toleo hilo, hakuwa na kitu mkononi isipokuwa miswada, nayo ilikuwa nakala za nakala. Ukiwapanga mashahidi wa Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, kwa umri, kitabu chake kinakaa mkiani kabisa: muswada tunaouita Venetus A ulinakiliwa katika karne ya 10, yaani takriban miaka 500 kabla yake, na vipande vya mafunjo vilivyofukuliwa katika mchanga wa Misri vinarudi nyuma hadi karne ya 3 kabla ya Kristo. Nakala changa haizeeki kwa sababu tu imepigwa chapa.

Huo Venetus A ndio unaoninyima usingizi. Kadinali Bessarion aliikabidhi Venice maktaba yake mwaka 1468, na muswada huo ulikuwa miongoni mwa hazina zake. Mwaka 1504, katika mji huo huo, mchapaji Aldus Manutius alimchapisha Homer katika majalada mawili madogo ya kushikika mkononi. Mtu angedhani kwamba alivuka madaraja mawili matatu, akaomba muswada ule, akaufungua mezani. Lakini matini yake, kwa sehemu kubwa, inafuata kitabu cha Florence pamoja na marekebisho ya hapa na pale, na skolia, yaani maelezo ya wasomi, zilizojaa pembezoni mwa Venetus A, ambazo zimetuhifadhia hoja za Aristarchus na wenzake, wahakiki wa kale wa Homer huko Alexandria, zilisubiri hadi mwaka 1788 ndipo msomi Mfaransa Villoison akazichapisha. Miaka 300 kamili baada ya Chalcondyles! Sababu si ujinga. Mpanga herufi aliyewekewa mbele yake ukurasa uliokwisha chapwa, wenye maneno yaliyotengana na mistari inayohesabika, hufanya kazi haraka kuliko yule anayekodolea macho muswada uliojaa vifupisho, na mwenye karakana hulipa mishahara kwa siku zinazopita, si kwa usahihi wa vitenzi. Ndivyo kila toleo lilivyorithi lililotangulia, na kosa lililoingia mapema liliweza kuishi muda mrefu sana bila kutetewa na yeyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelipwa kuliondoa.

Sasa tuje kwenye huo mwaka 1488, maana nao una kesi yake. Kolofoni, yaani maandishi ya mwishoni mwa kitabu yanayoeleza uchapaji wake, inataja tarehe 9 Desemba 1488. Barua ya kutabaruku, ambayo Bernardo Nerli, mmoja wa waliogharimia kitabu, alimwandikia Piero de' Medici wa ukoo uliotawala Florence, ina tarehe 13 Januari 1488. Msomaji mwenye haraka huona kwamba barua imetangulia kitabu kwa miezi kumi na mmoja, kisha huanza kujenga nadharia juu ya mradi uliokwama. Hakuna kilichokwama. Watu wa Florence walianza kuhesabu mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari yao ya 1488 ni Januari yetu ya 1489, na barua iliandikwa wiki tano tu baada ya kolofoni. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi huku saa ya mkononi ikionyesha nane, tungepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kunaswa na mtego huu. Nami nilinaswa: katika orodha yangu ya kwanza niliandika 1488 bila maelezo, na mwalimu wangu akaizungushia duara la wino mwekundu bila kusema neno.

Tena, hata usemi kwamba ushairi wa kiepiki wa Kigiriki ulianza kuchapwa kwa kitabu hicho si sahihi. Kazi na Siku ya Hesiod, mshairi mwingine wa Ugiriki ya kale, ilichapwa Milan yapata mwaka 1480, na Vita vya Vyura na Panya, utani ambao wazee waliusingizia Homer, ulichapwa Venice mwaka 1486. Nani hasa aliyeendesha mtambo wa Florence? Kolofoni inamtaja Demetrius Damilas wa Krete, mwenye herufi zile zile zilizochapa sarufi ya Kigiriki ya Lascaris huko Milan mwaka 1476, ila wataalamu wa herufi humhusisha pia mchapaji mwingine wa Florence, na ubishi huo siuingilii leo.

Nikiri jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita kimya. Tunajua kwamba Chalcondyles alitegemea ufafanuzi wa Eustathius, askofu mkuu wa Thessaloniki wa karne ya 12, lakini tukitaka kusema ni miswada ipi aliyoifuata mstari kwa mstari, tunafanya kazi ya kubahatisha kwa kulinganisha makosa, kwani karakana za wakati ule mara nyingi ziliitupa miswada baada ya kuitumia. Na mafunjo ya kale zaidi, yale ya karne ya 3 kabla ya Kristo, yana mistari ya ziada ambayo miswada ya baadaye haina kabisa. Aliyewahi kusikia utenzi mmoja ukighaniwa na watu wawili hatashangaa. Mimi mwenyewe sina hakika tena kwamba neno "asili" lina maana yoyote hapa, ingawa naendelea kulitumia kazini kwa kukosa jingine.

Kitabu chenyewe nakipenda. Kina takriban karatasi 440 katika majalada mawili, hakina ukurasa wa jina wala namba za mistari, na herufi zake zimefungamana kama mwandiko wa mtu anayewahi mlango. Nakala nilizopata kuzishika zina maelezo ya Kilatini yaliyobanwa kwa kalamu juu ya maneno ya Kigiriki: katika kitabu cha kwanza cha Iliad karibu kila neno limefasiriwa, katika cha pili wino unapungua, na ikifika orodha ya merikebu za Wagiriki, humo humo katika cha pili, pembezoni hubaki peupe hadi mwisho wa jalada.