"Nimelala, nimeoga": kwa nini kipima ulevi hukukamata asubuhi

Tangu ukaguzi wa madereva walevi uanze kufanyika alfajiri pia, na si usiku wa wikendi peke yake, malalamiko yameongezeka. Mengi yana sura moja: dereva alikunywa jana, amelala, ameoga, yuko njiani kwenda kazini, halafu trafiki anamwambia apulize. Anaona kaonewa.

Hajaonewa. Anayeondoa pombe mwilini ni ini, nalo halina haraka. Kwa watu wengi kiwango hushuka kwa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa; wengine 10, wengine 20. Mchukue aliyeweka glasi chini saa sita usiku akiwa na 150. Saa kumi na mbili asubuhi zimeondoka 90, zimebaki 60. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 50, na kwa vijana na madereva wapya ni 20. Kahawa itamtoa usingizi tu. Maji ya baridi yatamlowesha. Pipi ya mnanaa hubadilisha harufu, na kifaa chetu sisi askari wa trafiki hakinusi harufu. Kinapima kilevi kilichomo katika hewa itokayo ndani ya mapafu. Naomba hili la pipi tulimalize leo.

Sasa utaratibu, maana ugomvi wa barabarani huanzia hapa. Ukisimamishwa, zima injini na ubaki kwenye gari mpaka uelekezwe. Utaulizwa ulikunywa lini mara ya mwisho. Ukisema ni sasa hivi, au umesukutua kwa dawa ya kinywa yenye kilevi, tunasubiri dakika 15, kwa sababu mabaki ya mdomoni hupandisha kipimo isivyo haki. Mrija uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Usipouona ukifunguliwa, uliza. Puliza mfululizo mpaka kifaa kilie. Wanaopuliza kwa kukatakata, au kuvuta hewa ndani wakidhani hatuoni, hurudia tu. Kipimo cha barabarani huwa ni cha awali. Kinachopelekwa mahakamani mara nyingi hutoka kwenye mashine kubwa ya kituoni au kwenye damu. Uingereza, kwa mfano, hutolewa sampuli mbili za pumzi na inatumika ile ya chini.

Kukataa kupuliza si njia ya kukwepa. Katika nchi nyingi ni kosa linalojitegemea, na hukohuko Uingereza dereva aliyekataa kutoa sampuli ya kituoni bila sababu ya msingi kwa kawaida hufungiwa leseni kwa angalau miezi 12, sawa na aliyepatikana amelewa.

Yapo malalamiko ya haki. Kifaa kisichofanyiwa urekebishaji wa vipimo, yaani kuhakikiwa kwamba kinapima sawasawa, kwa wakati hakiaminiki, na dereva anayeuliza tarehe ya mwisho ya urekebishaji hajamkosea askari adabu. Kuhusu kesi zilizo mahakamani, sitasema lolote.

Wengine huuliza kwa nini tumpime hata anayeendesha vizuri. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza kupima madereva bila kungoja dalili za ulevi Desemba 1982, na vifo vya barabarani vikapungua sana. Kilichofanya kazi ni dereva kujua kwamba anaweza kupimwa popote, saa yoyote, kabla hajaagiza chupa ya pili. Ndiyo maana wanaotumiana ujumbe kuhusu mahali tuliposimama hawatusumbui kama wanavyodhani: ukaguzi huhama.

Mwisho ni gari lenyewe. Ukizidi kikomo, hutaliendesha, hata kama nyumba yako iko kona inayofuata. Unaweza kumwita mtu mwenye leseni aje alichukue, ila naye atapuliza. Tunasisitiza hivyo kwa sababu wengi wanaoitwa hutoka meza ileile.